Pasi ya nywele yenye kipimo cha joto, baada ya miezi minane ya kuitumia Mombasa

Nywele za kipilipili zikipigwa pasi vizuri hunyooka, na siku zikiingia maji hurudi kujikunja kama zilivyokuwa. Pasi za kutimiza hilo la kwanza zimejaa madukani mjini Mombasa, kuanzia Marikiti hadi maduka makubwa ya Nyali. Ya kutimiza yote mawili nimeipata baada ya kupoteza nywele nilizozilea kwa miaka mitatu, na kwa kuwa nimekwisha kuitumia miezi minane, katika joto la kaskazi na katika mvua za masika, naona sasa naweza kueleza kwa kirefu wema wake na ila zake.

Niseme kwanza nywele zangu zilivyo, maana mwenye nywele laini hatapata hesabu sawa na zangu. Zangu ni nzito, zenye mikunjo midogo midogo iliyokaza. Zikivutwa hufika mabegani, na zikiachwa hukaa juu ya masikio. Nilizitia dawa tangu usichana wangu hadi mwaka 2018, nikaacha kwa sababu ngozi ya kichwa ilikuwa ikiungua na kutoka vidonda. Mwaka 2022 ulipotoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 33,497, ukionyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa wingi kuliko wasiozitumia, nilishukuru kwamba nilikwisha kuziacha. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano, wala hauthibitishi peke yake kuwa dawa ndiyo sababu. Kwangu mimi, hata hivyo, ulitosha kunifungia mlango wa kurudi. Lakini kuacha dawa hakukuniondolea hamu ya kuziona nywele zangu zimelala siku moja moja, hasa panapokuwa na harusi, na hapo ndipo pasi inapoingia.

Saluni iliyoniharibia mwaka 2021 sitaitaja. Ilikuwa wiki ya harusi, msusi alikuwa na wateja sita wanaongoja, akanikausha kwa draya juu juu, kisha akaanza kupiga pasi ilhali mashina ya nywele bado yana unyevu. Pasi yenyewe haikuwa na kipimo chochote isipokuwa taa nyekundu. Kila ilipobana niliisikia ikilia chwaa, kama kitunguu kinapoangukia mafuta, na mvuke ukapanda mbele ya kioo. Nilipouliza nikaambiwa ni mafuta yanayoungua, nisihofu. Nilitoka nimependeza, hilo sitalikanusha. Baada ya siku kumi nilipoziosha, nywele za nyuma zilirudi kujikunja, ila za mbele na za utosini zilining'inia zimesinyaa na kukakamaa kama nyuzi za makumbi, na zikawa zinakatika kwa kuguswa na kitana tu. Nilizipunguza mara tatu kabla sijakubali kuzikata zote na kuanza upya.

Kilichotokea siku ile kinajulikana. Unywele wenye maji ukibanwa na chuma chenye nyuzi 200, maji yaliyomo ndani yake huchemka ghafla na kutafuta pa kutokea. Yakikosa njia hufanya viputo ndani ya unywele wenyewe, na penye kiputo ndipo unywele unapokatikia. Madaktari wa ngozi huvitambua viputo hivyo kwa kuutazama unywele kwa hadubini. Kwa hiyo ule mlio wa chwaa, ambao wengi wetu tumeuzoea saluni tukidhani ndio mlio wa kazi, ni mlio wa maji yanayochemka kwenye nywele, na anayeusikia ana haki ya kumwambia msusi asimamishe.

Jambo la pili ni kiasi cha joto, na hili ndilo lililonituma kutafuta pasi ya namna hii. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa na viungo vya namna mbalimbali. Viungo vya haidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi. Hufunguka kwa maji au kwa joto, kisha hujifunga upya unywele ukikauka au ukipoa. Hivi ndivyo pasi inavyovifungua na kuvifunga katika umbo jipya, na ndiyo maana unyevu wa hewa peke yake unatosha kuvirudisha katika umbo la zamani. Viungo vya salfa ni vya nguvu, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa. Nywele zilizotiwa dawa hubaki zimenyooka mpaka ziote mpya. Pasi iliyotumiwa kwa kiasi huishia kwenye vile vya kwanza. Joto likipita nyuzi 200 uharibifu wa keratini yenyewe huenda kwa kasi, na likifika 230 na zaidi mpangilio wake wa ndani huvurugika kabisa, nao haurekebishiki kwa mafuta wala kwa kondishena ya bei yoyote. Pasi nyingi zinazouzwa hapa kwetu hufika 230, na hilo huandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuwa ni sifa.

Nilikwenda duka moja la Barabara ya Digo nikiwa na jambo moja akilini. Kijana aliyenihudumia alinionyesha tatu, na zote alizisifu kwa ukali. "Dadangu, chukua hii, moto wake si wa kawaida, mkono mmoja tu nywele zimelala." Nikamwambia, "Kakangu, mimi natafuta ile inayoteremka. Inayopanda ninayo nyumbani." Alifikiri kidogo, akainama, akatoa boksi lililokuwa chini kabisa ya kabati, limeshika vumbi. Bei ilikuwa shilingi 4,500, tukaafikiana 3,800.

Jina la boksi sitalishikilia sana, kwa sababu katika duka la pili mtaa huohuo nilikuta pasi inayofanana nayo kila kitu ikiuzwa kwa jina jingine. Ni afadhali nieleze alama za kuitambulia. Ina mabamba mawili ya seramiki yenye upana wa sentimita mbili na nusu, kingo zake zimeviringwa ili zisiache alama ya mkunjo kwenye nywele, na bamba moja limekalia springi ili litoe nafasi panapokuwa na nywele nyingi. Kwenye mpini kuna kioo kidogo cha tarakimu, na joto huanzia nyuzi 120 hadi 220 kwa hatua za nyuzi kumi kumi. Waya wake ni wa mita mbili, unazunguka kwenye maungio bila kujisokota, na pasi hujizima yenyewe baada ya saa moja. Rangi ni ya zambarau, ambayo mimi siipendi, lakini haidhuru.

Kabla ya kulipa, nilitazama mambo mawili ambayo ningependa kila mnunuzi ayatazame. La kwanza ni stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zinazotoka nje. La pili ni volti zilizoandikwa kwenye mpini. Umeme wetu ni wa volti 240, na wa majumbani Marekani ni 120. Binamu yangu aliletewa pasi ya bei kubwa kutoka huko, akaichomeka ukutani kwa adapta ambayo kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi tu wala haiteremshi umeme, na pasi ikatoa moshi kabla hajaishika. Hii yangu imeandikwa volti 110 hadi 240, na plagi yake ni ya miguu mitatu ya mraba, kwa hiyo haihitaji adapta, ambazo nyingi hulegea kwenye soketi na kutoa cheche.

Kijana alitaka kunipa na chupa ya ile inayoitwa keratini ya Brazil, akisema nikiipaka kabla ya pasi nywele zitalala miezi mitatu. Niliikataa, na nitaeleza kwa nini, maana chupa hizi zimeenea katika saluni zetu. Nyingi za dawa hizo hufanya kazi kwa formaldehaidi, au kwa vitu vinavyotoa formaldehaidi vinapopigwa joto la pasi. Wakati mwingine kwenye chupa huandikwa methilini glaikoli, ambayo ni formaldehaidi iliyochanganywa na maji. Ni jamaa ya formalini inayohifadhia maiti. Pasi ikipita juu yake huigeuza mvuke, na mvuke huo huvutwa na aliyekaa kitini pamoja na msusi aliyesimama nyuma yake kutwa nzima katika chumba kisicho na dirisha. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si kila chupa inayo, lakini ile ya dukani haikuwa na orodha ya viambato kwa lugha niliyoweza kuisoma, na kitu ambacho siwezi kukisoma sikipaki kichwani.

Nilipofika nyumbani sikuipeleka pasi kichwani moja kwa moja. Kaka yangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi, ana kipimajoto cha waya ambacho ncha yake hugusishwa kile kinachopimwa. Anacho pia kile cha kumulika, kinachoshikwa kama bastola, ila alinikataza kukitumia kwa sababu bamba linalong'aa hukidanganya. Tuliiweka pasi nyuzi 180, tukangoja dakika moja, tukabana ncha ya waya katikati ya mabamba: 178. Tukasogeza ukingoni: 171. Tukapitisha kishungi cha nywele zilizotoka kwenye kitana changu, mara mbili mfululizo, tukapima tena: 165, na baada ya muda mfupi likarudi palepale. Kisha tukaipima pasi yangu ya zamani, ile ya taa nyekundu. Ilipanda hadi 224, ikateremka hadi 190, ikapanda tena, na taa yake haikubadilika hata mara moja. Kaka yangu aliitazama, akachomoa plagi, akaniuliza, "Na hii ndiyo uliyokuwa ukijipiga nayo kichwani, dada?" Sikuwa na jibu.

Vipimo vile vilinifunza jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalisemi. Kwa kuwa kingo ni baridi kuliko katikati, kishungi kipana kuliko bamba hunyooka katikati na kubaki na mawimbi pembeni, na mtu asiyejua hurudia kupiga pasi au huongeza joto, ilhali dawa yake ni kupunguza upana wa kishungi.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana pasi njema juu ya nywele zisizoandaliwa ni sawa na mbaya. Naanza usiku wa kuamkia siku ya kuosha kwa kupaka mafuta ya nazi kutoka nchani hadi karibu na mashina, na kulala nayo. Hapa nilikuwa na mjadala mrefu na mama mdogo wangu, ambaye aliona ajabu kwamba ninayapaka kabla ya kuosha na kuyakataa wakati wa pasi. "Mwanangu, sisi tulipakwa nazi tukachomwa kwa chanuo la jikoni, na nywele zangu hizi hapa," aliniambia, na ni kweli nywele zake ni nyingi kuliko zangu. Nilimweleza kwa adabu nilivyoelewa. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele, jambo ambalo mafuta mengi mengine hayaliwezi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza protini inayopotea. Lakini mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 177 hivi. Pasi ikiwekwa 180 na nywele zikiwa zimelowa mafuta hayo, nywele hukaangwa. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ndiyo maana palikuwa na moshi," na tangu siku hiyo binti zake hupaka usiku.

Maji yenyewe yanataka uangalifu hapa kwetu. Ya bombani huja kwa zamu, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Sabuni haitoi povu katika maji hayo, na nywele zikikauka huwa na ukavu wa kukwaruza hata kabla ya joto. Mimi huosha kwa yaliyopo, ila suuza ya mwisho, baada ya kondishena, nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni. Tofauti yake huonekana pasi inapoteleza.

Baada ya kuosha nagawa nywele mafungu manne, nazikausha kwa draya iliyo kwenye joto la wastani huku nikizivuta kwa kitana chenye meno mapana, kisha nazibana kwa klipu, nangoja kama robo saa. Kujua kama zimekauka kweli, nachukua kishungi cha kisogoni, ambako hukawia kukauka, nakiweka shavuni. Kikiwa na baridi, bado kina maji, hata kama mkono unaniambia kimekauka. Narudi kwenye draya. Kipimo hiki cha shavu hakijanidanganya hata mara moja, na sijausikia tena ule mlio wa chwaa.

Halafu hupaka kinga ya joto. Ninayotumia ni ya maji maji yenye silikoni. Dimethikoni imeandikwa karibu na mwanzo wa orodha ya viambato, na hiyo ndiyo alama niitafutayo, kwa sababu vitu huorodheshwa kwa wingi wake. Silikoni hufunika unywele kwa utando mwembamba, hupunguza msuguano wa bamba na hufanya joto liingie polepole, kwa usawa. Haizuii joto lote. Wapo wanaoipaka kisha wakapandisha pasi hadi 220 kwa kuamini wamejikinga, na hao hupata madhara yaleyale.

Pasi naiweka nyuzi 170 kwa nywele za nyuma na 160 kwa zile nyembamba za kandokando ya paji la uso. Nachukua kishungi kisichozidi upana wa bamba, ambacho nikikikusanya huwa na unene wa penseli, naanza na kitana kikitangulia na pasi ikikifuata nyuma, kutoka shinani kwenda nchani, bila kusimama mahali. Mara moja hutosha kwa sehemu kubwa ya kichwa. Kisogoni hupitisha mara mbili. Mara ya tatu sipitishi. Kazi yote, kuanzia kupaka kinga, hunichukua saa moja na dakika arobaini. Ni muda mrefu, na kwa sababu pasi hujizima baada ya saa moja, huniachia katikati ya kazi na kunilazimu kungoja ipate moto upya. Mwanzoni lilinikera, sasa huchukua nafasi hiyo kunywa maji na kupumzisha mikono.

Nywele zinazotoka hapo hazilali kama za singa, na mwenye kuzitaka zilale hivyo, zishikane na fuvu na kumetameta, hatazipata kwa nyuzi 170. Zangu hunyooka zikiwa na ujazo, hupepea, na ukiingiza vidole utagundua mashina yana wimbi dogo. Mimi naupenda ujazo huo. Shangazi yangu aliutazama akauliza kama sijamaliza.

Hewa ya Mombasa ndiyo mtihani wa pili. Unyevu hapa mara nyingi hupita asilimia 70, na anayevuka kivuko cha Likoni asubuhi akiwa wazi kichwa huziona nywele zikianza kupanda kabla hajafika ng'ambo. Siku za kaskazi, mwezi wa Januari, zilinikaa siku sita, tena hapo nilikuwa nikivaa baibui na mtandio wa kitambaa chepesi, na usiku nikizizungusha kichwani na kufunga kilemba cha satini. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa hazikatiki, zilikaa siku mbili tu. Pasi haina kosa katika hilo, kwa kuwa viungo vile vya haidrojeni hufunguka kwa unyevu, iwe pasi ni ya shilingi elfu tatu au elfu thelathini. Kosa ni kuzirudia kila asubuhi kwa pasi ili zikae, maana madhara ya joto hujumlishana. Nimejiwekea mara moja kila wiki sita, na katikati huzisuka mabutu.

Siku niliyoithamini zaidi pasi hii ilikuwa baada ya harusi ya binti wa dada yangu, Kibokoni. Usiku wa kupamba, wanawake tukiwa peke yetu na mitandio imewekwa kando, niliulizwa na watu watatu kama nimerudi kwenye dawa. Baada ya siku tano nilikaa bafuni na beseni na kata. Sikuthubutu kuziloweka zote mara moja. Nilichukua kishungi kimoja cha mbele, mahali palepale palipoharibiwa mwaka 2021, nikakimiminia kata moja ya maji matamu, nikangoja. Kilianza kwenye ncha, kikajipinda mara moja, kikapanda, kikaendelea kujikunja chenyewe hadi juu kama jani la kifauongo likiguswa, na kabla maji hayajaisha kudondoka kilikuwa kimerudi juu ya sikio. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Ila kuu ya pasi hii ni mahali vilipowekwa vitufe vyake. Kitufe cha kuongeza joto kiko upande wa ndani wa mpini, pale hasa kidole gumba kinapokaa mtu anapopinda mkono kufikia kisogo, na hakina namna ya kufungwa. Mwezi wa pili wa kuitumia, nikifanya sehemu iliyo nyuma ya sikio la kushoto, nilikibonyeza bila kujua mara nne. Niliona kishungi kimeng'aa kuliko wenzake, kimelala kabisa, nikafurahi. Nilipoigeuza pasi nikaona tarakimu 210. Pasi ilikuwa imekipita kishungi kile mara mbili. Kilipooshwa, nywele zote zilirudi isipokuwa hicho. Kilibaki na mawimbi mepesi juu na unyoofu wa mzoga chini, na ncha zake zikawa na vidoa vyeupe vya kupasukia. Nyuzi arobaini zilizozidi, kwa muda usiofika nusu dakika, zilitosha. Mtengenezaji angeweza kukihamishia kitufe upande wa juu au kukifanya kihitaji kubonyezwa kwa muda ndipo kitii, na mpaka hapo naihesabu hii kuwa kasoro ya hatari, wala si usumbufu mdogo.

Nyingine ni nyepesi. Utando wa seramiki umeanza kukwaruzika kwenye ukingo mmoja, karibu na ncha, na ukiendelea hadi chuma kionekane nitaiacha, kwa sababu bamba lililobanduka hukwama kwenye nywele na joto lake halilingani. Dhamana niliyopewa ni ya miezi sita kwa risiti ya mkono, nayo imekwisha.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie chanuo la moto, ambalo bado lipo katika nyumba nyingi na hufika shinani kuliko pasi yoyote. Chanuo halina kipimo. Joto lake ni la jiko, na mchomaji hulijaribu kwenye karatasi ambayo ikigeuka kahawia tayari ni kali mno. Sitaki kulisingizia, hata hivyo. Mwaka 1968 madaktari wa ngozi wa Marekani waliupa upara wa utosini wa wanawake weusi jina la chanuo hilo, wakidhani mafuta ya moto yanayoteremkia ngozi ndiyo sababu; baadaye ikaonekana kwamba hata wasiolitumia hupata upara huo, na jina likabadilishwa. Kwa mwenye mkono wa mazoea chanuo hufaa. Mkono huo mimi sina, na sina wa kunifunza ambaye macho yake bado yanaona vizuri.

Kwa mwenye nywele za asili nzito kama zangu, mwenye subira ya saa mbili na anayetaka nywele zake zirudi, ningemshauri ainunue pasi hii kwa bei isiyozidi elfu nne, na kabla ya kutoka dukani aombe ichomekwe ili aione ikiteremka kutoka 200 hadi 150 mbele yake. Mwenye watoto naomba asiwapige nayo. Mtoto hatulii, na kitufe kile hakisameheki. Kile kishungi cha nyuma ya sikio nilikikata mwezi uliopita, kikatoka na urefu wa kiganja, na juu ya kitufe nimebandika kipande cha plasta ya jeraha, ambacho kidole gumba kikikigusa najua nimeshika mahali pasipofaa.